Mkwe wangu hana digrii, nami nina siri yake

Bi Mkubwa, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Fuoni, hapa Unguja. Ni mzee wa kanisa katika jumuiya ndogo ya Wapresbiteri. Hatufiki mia, na wengi wetu tulikuja kutoka bara kwa kazi, tukaoa na kuolewa, tukabaki. Naomba jina langu lisitoke, wala la kanisa. Kisiwa hiki ni kidogo, na sisi ndani yake ni wadogo zaidi.

Tatizo langu ni baba mkwe. Huu ni mwaka wa 14 yeye ni mwinjilisti wetu. Kazi yake ni useremala, banda lake liko nyuma ya nyumba, na hata Jumapili akivaa koti utasikia harufu ya msaji. Ndiye anayehubiri, ndiye anayezika, ndiye anayeamshwa usiku kwenda hospitali. Lakini si mchungaji. Alisoma mpaka darasa la saba, na baadaye akapata cheti cha mwaka mmoja cha skuli ya Biblia. Kwetu asiyewekewa mikono kuwa mchungaji habatizi wala haongozi Meza ya Bwana, na ili uwekewe mikono uwe na digrii ya theolojia, au kwa uchache stashahada ya miaka mitatu. Kwa hivyo kila baada ya miezi mitatu tunamsubiri mchungaji avuke kutoka Dar, nauli na malazi juu yetu.

Mwezi wa saba tuliandaa Meza. Usiku wa Jumamosi nilikata mkate mwenyewe, nikapanga vikombe vidogo 60 kwenye trei, nikatia maji ya zabibu, nikafunika kitambaa cheupe. Asubuhi mchungaji akapiga simu: upepo wa kusi umechafua bahari, boti hazitoki. Ibada ikaendelea. Baba akahubiri, akaomba, akaenda mbele ya ile meza akasimama. Mkono wake wa kulia ulishika pindo la kitambaa. Kanisa zima kimya, hata watoto. Basi akakinyoosha tu kile kitambaa, kama mtu anayemtandikia mgonjwa, akasema, "Tutasubiri." Nikarudi nyumbani na vikombe 60, nikavimimina kwenye jagi, nikavikosha kimoja kimoja na hakuna aliyevinywea. Kulikuwa na bibi mmoja aliyekuja siku ile kwa kushikwa mkono. Wiki mbili baadaye tulimzika.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Mume wangu ameandika waraka kwa presbiteri, baraza linalosimamia makanisa na wachungaji wetu: imweke wakfu Baba kabla ya Krismasi, la sivyo tunajitoa na wazee wa kanisa tutamwekea mikono wenyewe. Watu 41 wameshatia saini. Wazee wa kanisa tuko watano, na saini yangu haipo bado. Kwenye kikao cha presbiteri mchungaji mmoja akasema tukilegeza digrii leo, kesho tutalegeza na mengine, tutaishia kama Wapresbiteri wa Marekani na mambo yao ya ndoa. Mume wangu alirudi na boti ya jioni hasemi na mtu. "Baba yangu analinganishwa na hayo?" Mpaka leo anairudia.

Sasa Bi Mkubwa, nisilomwambia mtu ni hili. Miaka miwili nyuma, mama mmoja wa kanisani mwenye presha aliombewa na Baba. Baada ya maombi Baba akamwambia, "Umeshapona, vidonge vya nini tena?" Nilikuwa nimekaa pale pale mkekani. Yule mama akaviacha. Wiki ya tatu akaanguka jikoni, upande wa kulia ukalegea. Alipata nafuu, lakini kijiko mpaka leo anashika kwa kushoto. Baba alilia mbele yangu, akaapa hatorudia, na hajarudia. Siku hizi yeye ndiye anayempeleka kliniki. Mume wangu hajui. Yule mama mwenyewe anasema ni kazi ya shetani, hamlaumu mtu.

Presbiteri imekubali walau kumsikiliza Baba. Imeleta fomu kwa kila mzee wa kanisa, na swali la sita linauliza kama najua jambo lolote katika mafundisho au mwenendo wake linaloweza kuwa kizuizi. Fomu inatakiwa tarehe 30. Nikiandika, nimemzika mkwe wangu na ndoa yangu kaburi moja. Nikinyamaza, kila nikimwona yule mama na kijiko chake roho inanisuta. Na waraka uko juu ya kabati unaningoja.

Mkwe, Fuoni

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, chai imenipoa mkononi.

Nikwambie kwanza mimi ni nani kwenu. Nimebatizwa Mkunazini, katika lile kanisa la Kianglikana lililosimama palipokuwa soko la watumwa, na kanisa langu lina historia na wachungaji wenu, tena si ya kujivunia sana. Mwezi wa sita 1913 wamisionari wa madhehebu mbalimbali walikutana Kikuyu, huko Kenya, kwenye misheni ya Waskoti, nao ni Wapresbiteri kama nyinyi. Walizungumza namna ya kushirikiana, na mwisho wakala Meza ya Bwana pamoja ndani ya kanisa la Kipresbiteri, askofu wa Mombasa akiongoza. Habari zilipofika Unguja, askofu wetu Frank Weston alichukua kalamu akawashtaki askofu wa Mombasa na yule wa Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, kosa ni uzushi. Kwake yeye mchungaji ambaye hakuwekewa mikono na askofu hakuwa mchungaji, hata angesoma macho yakafifia. Shauri likazunguka mpaka 1915, na majibu yalipotoka, wenye mzaha Uingereza wakayafupisha hivi: ibada ya Kikuyu ilimpendeza Mungu mno, na isirudiwe tena kabisa.

Kwa hiyo mkweo aliposhika pindo la kitambaa akaliachia, alisimama mahali ambapo maaskofu walikwishagombana. Hakuwa mnyonge pale. Kusema kweli, katika barua yako yote hapo ndipo nilipompenda. Meza imeandaliwa, mchungaji hayupo, watu wote wako upande wake, na hakuna ambaye angemshtaki. Akasubiri. Kama presbiteri yenu inatafuta mtu anayeijua mipaka ya kazi aliyopewa, tukio hilo waandikieni, na wewe uliyekosha vikombe ndiye wa kuliandika.

Sasa huo waraka. Usitie saini.

Sikatai maumivu ya mumeo. Baba yake amezika watu miaka 14 kisha anapimwa kwa karatasi. Mtoto gani asiwake? Lakini kwa utaratibu wenu mchungaji huwekwa wakfu na presbiteri. Wazee wa kanisa wa mahali pamoja hawana mamlaka hayo, hata wakiwa watano wote na mioyo safi. Mkimwekea mikono wenyewe atakuwa mchungaji wa watu 41 wa Fuoni, na siku akienda bandarini Malindi kupanda boti, anarudi kuwa fundi seremala. Isitoshe, mtu aliyekataa kugusa mkate bila idhini mnataka kumpa uchungaji bila idhini. Mumeo alimuuliza baba yake? Katika barua yako sikuona mahali Baba mwenyewe ameomba chochote.

Kugombea elimu ya mchungaji ni ugonjwa wa zamani wa ukoo wenu. 1738 sinodi ya Philadelphia, yaani baraza lililo juu ya presbiteri, iliamua kwamba kijana asiye na shahada ya chuo kikuu cha New England au cha Ulaya apimwe kwanza na sinodi kabla presbiteri haijamshughulikia. Wengi waliona kamba ile imefungwa kwa ajili ya mzee William Tennent, aliyekuwa akiwafundisha vijana ndani ya kibanda cha magogo kule Pennsylvania. Wapinzani wake walikiita Chuo cha Magogo, kwa dharau. 1741 kanisa likapasuka, likaungana tena 1758. Na hapa katikati kuna jambo linalonichekesha kila nikilikumbuka: upande ule uliodharauliwa kwa elimu ndogo ndio uliofungua, 1746, chuo ambacho leo dunia inakiita Princeton.

Mpasuko wa pili ndio unaofanana na wenu. Mwanzoni mwa miaka ya 1800 uamsho ulizuka Kentucky na Tennessee. Watu wakajaa, wachungaji wakawa wachache, na presbiteri ya Cumberland ikaanza kuwapa kazi wanaume wasio na Kilatini wala Kigiriki, tena wengine wakiwa na shaka na baadhi ya maneno ya Ungamo la Westminster, tamko la imani la Wapresbiteri. Sinodi ya Kentucky ikaivunja presbiteri ile 1806. Tarehe 4 Februari 1810 wachungaji watatu wakakaa nyumbani kwa mmoja wao, Samuel McAdow, wakaunda presbiteri yao. Ndiyo ikawa kanisa la Cumberland, lipo mpaka leo. Sehemu kubwa ilirudi kwa wenzao 1906. Hesabu: miaka 96. Mumeo anasema kabla ya Krismasi.

Huyo mchungaji aliyeitaja Marekani kikaoni ameleta kesi ya nyumba nyingine. Ubishi mkubwa wa Kanisa la Presbiteri la Marekani katika miaka hii haukuhusu digrii. Ulihusu mwenendo wa ndoa wa anayewekwa wakfu. 1997 waliingiza kwenye katiba yao sharti la uaminifu katika ndoa ya mume na mke, au usafi kwa asiyeoa. 2011 sharti lile likaondolewa, baada ya presbiteri ya 87 kati ya 173 kupiga kura ya ndiyo, na makanisa mengi yakahama. Mtu anaweza kusikitika au kufurahi, hayo ni yake. Lakini kumwambia seremala wa darasa la saba kwamba yeye ndiye mlango wa mambo hayo ni kumwonea. Kama angetaka mfano wa sharti la digrii kulegezwa au kutolegezwa, angetaja Tennent, si 2011. Mwambie mumeo hivyo, atapoa kidogo. Kidogo tu.

Kinachowafaa ni hiki. Ombeni nakala ya katiba ya kanisa lenu, siyo ya kusimuliwa, na wewe kama mzee wa kanisa una haki ya kuishika mkononi. Tafuteni vifungu viwili. Cha kwanza, kama presbiteri inaweza kumsamehe mtu sharti la elimu kwa sababu maalumu. Wapresbiteri wa Marekani wanacho kifungu cha namna hiyo na kinahitaji robo tatu ya kura, maana yake hakitumiki kwa kuoneana haya. Cha pili, kama mzee wa kanisa au mwinjilisti anaweza kupewa idhini na presbiteri kuongoza Meza na kubatiza katika jumuiya moja tu, kwa muda, chini ya uangalizi wa mchungaji. Hilo nalo wenzenu wanalo. Kwa mkweo mimi ningeanza na la pili. Ana umri, ana banda, ana wajukuu. Kumpeleka chuoni miaka mitatu ni kuwanyima nyinyi mwinjilisti ili mpate mchungaji atakayestaafu kesho kutwa. Idhini ya mahali pamoja ingetosha, na vikombe vingenywewa. Andikeni waraka wa kuomba hilo, mumeo ashike kalamu, ana mkono mzuri wa kuandika naona. Huo utaweza kuutia saini.

Nisije nikasingiziwa kwamba nadharau masomo. Misheni yetu ilifika Unguja 1864. John Swedi alifanywa shemasi 1879, na padri wa kwanza Mwafrika, Cecil Majaliwa, akapatikana 1890. Miaka 26! Walisomeshwa, wakasubirishwa, wakasomeshwa tena. Mimi nawasifu kwa kuwasomesha, nawalaumu kwa kuwachelewesha, na sioni haja ya kuchagua moja. (Pemba nako, tangu 1897, walikuwepo Wakwekeri, ambao hawamwekei mtu mikono kabisa. Wanakaa kimya mpaka mtu asukumwe kusema. Hao wameyakwepa yote haya, ila sijui presbiteri yenu ingestahimili kimya cha hata dakika kumi.)

Basi tuje kwenye kijiko.

Mwanangu, wewe unaiona ile siri kama kizuizi cha digrii, au doa la ukoo. Mimi nimeiona kama sababu hasa ya kuwepo kwa fomu. Kwa nini watu wakaweka sheria ya masomo tangu mwanzo? Si kwa ajili ya kujua Kigiriki. Ni kwa sababu mchungaji akisema neno, mgonjwa analitii. Mkweo alisema neno moja baada ya maombi, na mwanamke akaacha vidonge. Hilo ndilo ambalo chuo kizuri kingemfundisha katika wiki ya kwanza: omba, kisha mpeleke kwa daktari. Amelijua kwa njia chungu zaidi, kwa gharama ya mkono wa mtu mwingine. Kwa hiyo usiniambie ni jambo dogo kwa kuwa amelia. Na usijiambie ni jambo la kumzika, kwa kuwa hajarudia na anampeleka kliniki.

Swali la sita utalijibu kweli. Mzee wa kanisa aliyeapa hawezi kuandika "sijui" juu ya jambo aliloketi mkekani akaliona. Lakini hutakuwa wewe wa kwanza kulisema. Injili ya Mathayo sura ya 18 inaanza na ndugu yako peke yake, wewe na yeye. Mwendee. Mwambie, "Baba, swali la sita liko hivi, nami siwezi kudanganya. Ningependa ulitangulie." Mwache alieleze presbiteri kwa mdomo wake: alisema nini, nini kikatokea, amebadilisha nini. Kwenye fomu yako wewe utaandika sentensi mbili tu, kwamba lipo jambo la ushauri aliompa mgonjwa, na kwamba ndugu mwenyewe yuko tayari kulieleza. Usiandike jina la yule mama. Presha yake si mali ya kikao. Na kabla ya yote hayo Baba aende kwake, amwombe ruhusa ya kulitaja. Kama hamlaumu, haina maana hana haki ya kuulizwa.

Sijui presbiteri itaamua nini. Yawezekana wakasema asubiri mwaka. Yawezekana wakamtaka asome kozi fupi ya uchungaji wa wagonjwa, na hilo mimi ningelipigia kura. Lakini yeye ni fundi. Muulize: mwanagenzi akipasua ubao wa msaji kwa haraka, anamfanya nini? Hamfukuzi. Hampi randa peke yake wiki inayofuata vilevile. Anamweka karibu. Atakuelewa kabla hujamaliza.

Mumeo aambiwe na baba yake, si na wewe. Hilo nalo mwombe Baba. Ukimwambia wewe, atasikia kwamba mkewe alimficha miaka miwili, na ugomvi utahamia chumbani. Akiambiwa na baba yake, atasikia habari za baba yake. Baadaye mkiwa wawili atakuuliza kwa nini ulinyamaza. Mjibu ukweli: uliogopa. Usimpambie.

Kuna jambo umelipita haraka. Yule bibi mliyemzika. Mmepanga nini kwa wengine wasioweza kungoja miezi mitatu? Kabla ya fomu, kabla ya katiba, pigeni simu Dar mwambieni mchungaji akivuka aende kwa wagonjwa majumbani siku ileile ya kufika, asingoje Jumapili. Nauli mnalipa nyinyi, ratiba nayo iwe na sauti yenu.

Tarehe 30 haiko mbali. Nenda bandani asubuhi, mumeo akiwa kazini, Baba akiwa bado hajawasha mashine maana ikishalia hamtasikilizana. Ukimkuta na mteja, kaa kwenye yale magogo umngoje.